Kichupa cha Unga Mweupe na Karatasi ya Asilimia 99

Msomaji wetu mmoja wa Kihesa, Iringa, ameleta swali ambalo naona linawahusu wengi. Wifi yake aliyeko Mbeya ananunua kwa simu dawa ya kupunguza unene. Huletewa kichupa kidogo chenye unga mweupe, kimezibwa kwa mpira na kifuniko cha bati la rangi, pamoja na karatasi ya maabara isemayo kwamba usafi wake ni asilimia 99. Muuzaji hupokea mzigo kutoka nje ya nchi, kisha huutuma kwa basi kutoka Dar es Salaam. Sasa wifi anamshawishi wachange fedha waagize kwa pamoja, naye anauliza: nitamtambuaje muuzaji mwaminifu, kwa vifungashio vyake au kwa karatasi zake?

Kwanza tukifahamu kitu chenyewe. Unga huo ni wa jamii iitwayo peptidi. Jina ni geni, lakini kila mama aliyejifungulia hospitali amekutana nayo. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Peptidi ni mnyororo mfupi wa hizo hizo. Oksitosini, ile sindano ambayo mkunga hukuchoma pajani mtoto akishatoka ili usivuje damu nyingi, ni peptidi yenye asidi amino 9 tu. Insulini ya wagonjwa wa kisukari inazo 51. Semaglutidi, ambayo ndiyo inayotafutwa sana kwa ajili ya unene, inazo 31. Glutathioni wanayochomwa mabinti ili ngozi ing'ae ina 3, na hiyo nitaipitia haraka: mamlaka ya dawa ya Marekani imetamka kwamba haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi.

Kwa hiyo peptidi si uchawi wala si lazima iwe sumu. Baadhi zimeokoa maisha ya mama zetu na zetu wenyewe. Mashaka yangu yako kwenye njia ambayo kichupa hiki kimepita hadi kufika Kihesa.

Mwambie wifi yako akisome vizuri kibandiko, hata kwa miwani. Vichupa vingi vya namna hii vimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Wanunuzi huyaona maneno hayo kama mapambo. La hasha, hayo ndiyo maneno muhimu kuliko yote. Aliyetengeneza anasema: sikuuzii dawa. Kwa kuwa si dawa, hakuombwa kuthibitisha kwamba inatibu, wala kwamba chumba alichojazia kilikuwa safi kiasi cha kitu kinachoingia mwilini kwa sindano. Ukidhurika, atakuonyesha kibandiko. Na muuzaji wa Dar anayekuandikia kwenye WhatsApp kipimo cha kujichoma anakuuzia kama dawa kitu ambacho mwenyewe mwenye nacho amekikana.

Sasa vifungashio. Kifungashio kibovu ni sababu ya kutosha ya kukataa: kifuniko kilicholegea, kibandiko kisicho na jina wala anwani ya kiwanda, tarehe zilizofutika. Lakini kifungashio kizuri hakithibitishi kitu. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia, ambayo ndiyo semaglutidi ya kiwandani, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 2023 huko Brazil, Uingereza na Marekani. Moja ya namba za toleo zilizotajwa ilikuwa namba ya kweli kabisa ya kiwanda. Namba ilikuwa halali, dawa ndiyo haikuwa. Nasi hatuko mbali na mambo hayo: mwaka 2012 dawa bandia za kupunguza makali ya VVU zilikutwa katika hospitali ya wilaya ya Tarime. Kama bandia iliweza kufika hospitalini, itashindwaje kupita mikononi mwa watu wasioulizwa chochote na yeyote?

Mama mkulima wa Uyole analielewa jambo hili kuliko mimi. Anaponunua mbegu za mahindi hatazami picha ya gunzi kubwa kwenye mfuko. Anakwangua lebo ya TOSCI na kuihakiki namba kwa simu yake, na anayemjibu si mwenye duka. Hiyo ndiyo tofauti. Karatasi iliyotolewa na muuzaji inamsemea muuzaji.

Na hiyo karatasi ya asilimia 99 inasema nini hasa? Aghalabu ni kwamba mashine ya maabara ilitenganisha vitu vilivyomo katika sampuli, ikaona sehemu 99 kati ya 100 ya vilivyoonekana ni peptidi yenyewe. Haisemi kichupa kina miligramu ngapi. Haisemi kama kuna bakteria, wala kama kuna sumu zinazobaki bakteria wakishakufa, ambazo zikiingia kwenye damu huleta homa kali na kuangusha presha. Hivyo hupimwa kwa vipimo vingine, na kwenye karatasi nyingi huvioni. Kadhalika ukiambiwa debe hili ni mahindi matupu bila mchanga, hujaambiwa kama debe limejaa, wala kama lina sumukuvu, ambayo macho hayaioni. Tena hiyo sampuli ilikuwa ni ya muuzaji. Aliichagua mwenyewe akaipeleka mwenyewe. Hakuna kinachoifunga karatasi ile na kichupa kilichoko kwenye friji ya wifi yako isipokuwa neno la anayepokea fedha.

Kuna na safari. Oksitosini inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na mwaka 2019 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalisisitiza kwamba isafirishwe kwenye ubaridi kama chanjo, kwa sababu joto huiharibu huku ikibaki maji maangavu vile vile. Ni kweli unga uliokaushwa huvumilia kuliko dawa ya maji, lakini umekaa siku ngapi kwenye ghala la Dar, na masaa mangapi kwenye buti la basi kupitia Morogoro na Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga? Baridi ya Iringa haifufui kilichokwisha kuharibika njiani.

Kisha kuna kuchanganya, ambako ndiko kunanitia hofu zaidi. Mama anaongeza maji mwenyewe mezani, anavuta kwa bomba la insulini ambalo mistari yake haikuandikwa kwa ajili ya dawa hiyo. Mwenye kusoma mstari wa 50 mahali pa 5 amejichoma mara kumi. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba watu waliojipimia semaglutidi iliyochanganywa walijichoma hata mara 5 hadi 20 ya kipimo, wengine wakalazwa. Na wenzetu wanaotarajia kupata mtoto wajue kwamba hata ile ya kiwandani inatakiwa kuachwa angalau miezi 2 kabla ya kushika mimba.

Sasa jibu. Kwa vichupa hivi, mama wa Kihesa, hakuna muuzaji mzuri wa kumtambua. Usichange. Kama uzito unakusumbua kiafya, sukari au presha vikiwa juu, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaonwe na daktari. Akiandika dawa, inunue famasi yenye mfamasia, udai risiti, na uangalie kama dawa imo kwenye orodha ya zilizosajiliwa na TMDA. Mamlaka hiyo, ilipokuwa ikiitwa TFDA, ilikuwa mwezi Desemba 2018 ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya 3 ya udhibiti wa dawa, basi tuitumie. Ofisi ya kanda yetu iko Mbeya.

Kwa wifi yako nenda taratibu. Usianze na maneno ya unene wake. Ameshayasikia ya kutosha. Muulize kama anatapika, kama ana maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mgongoni, kama pale anapojichoma pamevimba au pana usaha. Likiwepo mojawapo, aende hospitali siku hiyo hiyo, na asimfiche daktari. Abebe kichupa, boksi na ile karatasi. Kilichobaki asikimwage wala asimpe jirani. Akipeleke ofisi ya TMDA pamoja na namba ya simu ya aliyemuuzia.