Spoku Arobaini, Gurudumu Moja

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia kazi za mikono: cherehani iliyogoma, jiko lililotoboka, bomba linalovuja usiku. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie twende mbali kidogo, hadi Uingereza, kwenye pikipiki za zamani za mashindano na magurudumu yake ya spoku.

Huenda ukauliza, mama mwenye nyumba na watoto ana nini na pikipiki ya mashindano? Tuna sababu mbili. Kwanza, wanawake walikuwamo katika kazi hiyo tangu zamani, na habari zao hazisimuliwi vya kutosha. Pili, gurudumu la namna ile ile ndilo linalotubeba wengi wetu kwenye bodaboda, pamoja na watoto wetu, na likilegea linaweza kuua.

Wanawake watatu wa Brooklands

Kusini mwa Uingereza palikuwa na uwanja wa mashindano ulioitwa Brooklands, uliofunguliwa mwaka 1907. Njia yake ilikuwa ya zege, na kwenye kona iliinuliwa kama ukingo wa bakuli. Mzunguko mmoja ulikuwa karibu kilomita 4.4, na zege lile lilikuwa na mabonde yaliyomrusha mwendeshaji juu ya kiti. Aliyeweza kuuzunguka katika mashindano kwa wastani wa maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160, alitunukiwa nyota ya dhahabu.

Wanawake walioipata nyota hiyo kwa pikipiki walikuwa 3 tu: Florence Blenkiron na Beatrice Shilling mwaka 1934, na Theresa Wallach mwaka 1939, mwaka ambao vita vilikomesha mashindano pale.

Beatrice alikuwa binti wa muuza nyama. Alinunua pikipiki yake ya kwanza akiwa na miaka 14, akajifunza kuifungua na kuifunga mwenyewe. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Manchester, wakati ambapo msichana darasani humo alikuwa kama nywele moja nyeupe kichwani. Nyota yake aliipata kwa Norton ya cc 500 aliyoitengeneza kwa mikono yake, akienda maili 106 kwa saa, yaani kilomita 170. Mwaka 1941, akiwa mhandisi wa serikali huko Farnborough, alibuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichosaidia injini za ndege za kivita zisizimike rubani anapoinamisha pua ghafla. Kitu kidogo kama hicho kiliokoa maisha ya marubani.

Nao Florence na Theresa waliondoka London mwezi Desemba 1934 kwa pikipiki aina ya Panther iliyovuta kigari cha pembeni na tela. Walivuka jangwa la Sahara na kuteremka Afrika nzima hadi Cape Town, wakafika mwezi Julai 1935. Jangwani hakuna gereji. Kilichoharibika walikitengeneza wenyewe.

Waya mwembamba unavyobeba mzigo

Pikipiki za akina mama hao zilisimama juu ya spoku. Ukiitazama spoku moja unaweza kuidharau, maana ukiisukuma kwa ncha inapinda. Lakini jaribu kuivuta! Waya ni dhaifu ukisukumwa, bali una nguvu sana ukivutwa, kama kamba ya kuanikia nguo ambayo haifai kuwa nguzo lakini hubeba mablanketi yaliyolowa.

Kwa hiyo gurudumu hufungwa spoku zote zikiwa zimekazwa, kila moja ikiivuta ringi kuelekea kwenye habu ya katikati. Spoku za kushoto huvuta kushoto, za kulia huvuta kulia, na ringi husimama katikati kwa sababu mivuto imelingana. Mwaka 1874 Mwingereza James Starley alionyesha faida ya kuzifunga spoku kwa kupishana, badala ya kuzinyoosha moja kwa moja kutoka katikati. Zikipishana, zinahimili pia nguvu ya kusokota inayokuja injini inapovuta au breki inaposhika. Ndiyo maana hadi leo unaziona zinakatana.

Kulijenga upya

Pikipiki zile za zamani bado zipo kwa wapenzi wake, na nyingine bado zinakimbizwa. Lakini chuma huchoka. Ringi huliwa na kutu, spoku hupata nyufa kwenye shingo pale zinapoingia kwenye habu. Ndipo gurudumu hufumuliwa na kufumwa upya. Kazi hii hutaka utulivu kuliko misuli.

Kwanza, fundi hafungui kitu kabla ya kupima. Huhesabu spoku, ambazo kwa pikipiki nyingi za namna hiyo ni 36 au 40. Huchora jinsi zinavyopishana, kisha hupima ringi imekaa umbali gani kutoka kila upande wa habu. Jambo hili ni la muhimu, kwa kuwa upande wenye ngoma ya breki huwa mpana, na mara nyingi spoku za kushoto na za kulia hazilingani urefu.

Pili, ringi mpya lazima iwe imetobolewa kwa ajili ya habu ile ile. Matundu yake yamelazwa kufuata mwelekeo wa kila spoku. Ukiweka ringi isiyo yake, spoku itapindia kwenye nati yake ndogo, na siku moja itakatika hapo hapo.

Tatu, ni kufuma. Zinatangulia spoku za ndani, zinafuata za nje. Nyuzi zake hupakwa mafuta kidogo, na nati zote hufungwa kwa mkono tu kwanza. Hapo gurudumu hulegea kama kikapu kisichomalizika, wala fundi haogopi. Kisha hukaza kidogo kidogo, kila nati kwa kiasi sawa, akizunguka tena na tena. Mwenye haraka hukaza moja mpaka mwisho, na ringi inageuka yai.

Nne, ni kunyoosha. Gurudumu huwekwa kwenye ekseli yake, na kijiti husimamishwa karibu na ringi. Likizungushwa, kijiti huonyesha linapopanda na kushuka, na linapoyumba kando. Kama linavutwa kushoto, fundi hulegeza kidogo za kushoto na kukaza za kulia, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Vitabu vingi vya pikipiki za barabarani huvumilia kuyumba hadi milimita 2, lakini fundi wa mashindano hutafuta chini ya milimita 1.

Mwisho, ncha za spoku zilizotokeza ndani ya ringi hupigwa tupa, na juu yake huvikwa ukanda wa mpira. Ncha moja iliyosahauliwa hutoboa tyubu katika mwendo, na pancha ya gurudumu la mbele ukiwa mbio ni jambo la kutisha.

Kulirudisha mahali pake

Gurudumu zuri likifungwa vibaya halina faida. Bushi za kila upande zirudi zilikotoka. Kamba ivutwe ubavuni kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kushoto na kulia, ili kuona kama magurudumu yamefuatana. Mnyororo nao ulegezwe kwa kiasi chake.

Kuna kitu kimoja tunachotaka kukitilia mkazo. Katika pikipiki nyingi zenye breki ya ngoma kuna mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki isizunguke. Fundi akisahau kuufunga, breki ya kwanza kali huizungusha sahani yote, waya na vyuma vyake hujisokota, na gurudumu linaweza kukwama papo hapo.

Baada ya mwendo mfupi wa kwanza, spoku hukaguliwa tena, kwa sababu spoku mpya hujikalisha na kulegea kidogo.

Na nyumbani kwetu?

Mama, kama mwanao au mume wako anaendesha bodaboda yenye spoku, au kama unaye dereva wako wa kila siku, mambo haya yanakuhusu. Si lazima uwe fundi. Pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa, gonga kila spoku kwa spana ndogo au kwa kijiko. Iliyokazwa hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti butu. Kisha gurudumu liinuliwe lizungushwe, utazame kama linayumba.

Ukikuta spoku moja imekatika, usikubali kuambiwa, "Ziko nyingine nyingi." Mzigo wa ile moja umehamia kwa jirani zake, nazo zitafuata. Wala usikubali ifungwe kwa waya au mpira ili mradi siku ipite. Bei ya spoku ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya mguu uliovunjika, achilia mbali uhai wa mtoto aliyebebwa katikati. Mwambie dereva kwa upole, "Baba, leo tupitie kwa fundi kwanza." Akikataa, shuka.

Na kama una binti anayependa kufungua baiskeli ya kaka yake, usimnyang'anye spana. Mwachie afungue, ila umwagize jambo moja: achore kwanza jinsi alivyoikuta, na asiinuke mpaka ameirudisha inazunguka.

Tukutane mwezi ujao.