Nyota Zenu Haziendani? Subirini Kwanza

Mwezi huu tuongee na wale ambao posa imeshapokelewa, mahari imeshapangwa, kamati ya harusi iko mbioni, halafu linakuja neno moja tu kutoka upande wa pili: eti nyota zenu haziendani!

Tuseme ni Buigiri, wilayani Chamwino. Tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, vijana wengi wa pwani wamekuja huku kikazi, na mapenzi hayaangalii mkoa. Kijana wa Tanga anampenda binti wa Kigogo. Mshenga anafika, anapokelewa vizuri, kisha anauliza swali alilotumwa na bibi yake kijana: "Mama mzazi wa binti anaitwa nani?" Wenyeji wanatazamana. La mama la nini tena?

Ni la falaki. Kwa hesabu ya pwani, kila herufi ya Kiarabu ina namba yake. Unajumlisha namba za jina la mtu na za jina la mama yake, unagawa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota: 1 ni Punda, 2 ni Ng'ombe, 3 Mapacha, mpaka Samaki, ambaye ni pale isipobaki kitu. Nyota ya bwana ikipatikana, inalinganishwa na ya bibi harusi. Hii siyo ile ya magazetini inayofuata tarehe ya kuzaliwa, ambayo marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, aliwazoesha Watanzania wengi. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Simba gazetini na Mbuzi kwa bibi!

Sasa angalia kasheshe. Chukua jina Mazengo, ambalo Dodoma nzima inalijua kwa ajili ya yule mtemi wa Wagogo. Kiarabu hakina herufi ya g yetu. Ukiiandika kwa ghaini, yenye 1000, jina zima linafika 1104, na ukigawa kwa 12 habaki kitu: Samaki. Ukiiandika kwa kafu, yenye 20, unapata 124, inabaki 4: Kaa. Jina lile lile, mtu yule yule, nyota mbili, na hata la mama hujaligusa. Je, uchumba wa miaka mitatu uvunjwe kwa herufi moja?

Wala si sisi tu. Korea wana hesabu yao iitwayo saju, maana yake nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa. Wachumba wakilinganishwa, wanaiita gunghap. Kwa desturi, familia ya bwana hupeleka nguzo zake kwa akina binti, nao hupanga siku ya harusi. Huko siku imegawanywa vipindi 12 vya saa mbili mbili. Mpeleke sasa mtoto wa Buigiri aliyezaliwa saa 3:20 asubuhi. Saa zetu za ukutani zinafuata jua la mashariki zaidi, na jua la Buigiri liko nyuma yake kama dakika 36. Kwa jua, huyu kazaliwa saa 2:44, kabla ya mpaka wa saa 3, kwa hiyo anahamia kipindi kingine. Na wale waliozaliwa nyumbani, saa haikuandikwa popote, je?

Sisemi mumdharau bibi. Mzee akitaja nyota, mara nyingi ana hofu ambayo hajui aitaje vipi: dini, umbali, kabila asilolijua, au mjukuu atakayeongea Kigogo asimwelewe. Kwa hiyo kijana, usibishane naye hesabu. Kaa naye chini, muulize kwa upole: "Bibi, unaogopa nini hasa?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Nawe binti, usimsukume mwenzio achague kati yako na bibi yake. Mpe nafasi aongee kwao.

Kama mnataka kipimo cha kujua mnaendana, kipo hospitali. Pimeni damu, pamoja na vinasaba vya selimundu. Wote wawili mkiwa mmebeba kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuzaliwa mgonjwa, hata kama ninyi hamjawahi kuumwa. Hilo ni la kulijua mapema na kuliamua wawili, siyo la kukimbiana. Kisha ongeeni pesa, idadi ya watoto, na nani atamfuata mwenzie uhamisho ukija.

Na mkumbuke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana. Bibi apewe heshima yake yote, na jibu la mwisho mlitoe ninyi wawili.

Tukutane mwezi ujao.