Maziwa Hayakumuua Ndama Wako

Wafugaji, mmezisikia hoja hizi mikutanoni na kwenye maduka ya dawa za mifugo: ndama akiharisha kosa ni la maziwa, mnyime, mchome sindano, mnyweshe dawa ya minyoo. Zinasemwa kwa uhakika, na ndama wanaendelea kufa. Zipimeni, kisha mwamue.

Inadaiwa kwamba maziwa mengi ndiyo yanayoharisha, hivyo ndama apewe maji matupu siku mbili tatu. Kuna chembe ya ukweli: akinyweshwa maziwa mengi kwa mkupuo, kinyesi hulainika. Lakini ndama huyo bado anaikimbilia ndoo. Tunayemzungumzia ni yule aliyelala, macho yamedidimia, ngozi ya shingo ukiibana kwa vidole inabaki imesimama, na ukimtia kidole mdomoni hanyonyi. Huyo anakauka. Ndama wa kilo 40 aliyepoteza maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake amepungukiwa lita 3 na zaidi, pamoja na chumvi za mwili, na damu yake inazidi kuwa na asidi. Anahitaji maji yenye chumvi na glukosi mara kadhaa kwa siku, na kati ya hapo apewe maziwa yake kama kawaida, kwa sababu akiba yake ya mafuta ni ndogo mno na maji hayashibishi. Akishindwa kabisa kunyonya, aitwe daktari wa mifugo amtundikie dripu.

Wanadai pia kwamba sindano ya oksitetrasaiklini inaponya, na kwamba wameona kwa macho yao. Msemaji ni yuleyule wa hoja ya maziwa, basi mumuulize: kama chanzo ni maziwa, sindano inaua nini? Na kama chanzo ni bakteria, maziwa yamekosa nini? Hawezi kushikilia yote mawili. Mwangalie umri wa ndama. Katika siku 4 za kwanza mshukiwa mkuu ni aina ya E. coli inayojishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Kuanzia karibu siku ya 5 hadi wiki ya 3, mara nyingi ni virusi vya rota, virusi vya korona vya ng'ombe, au kriptosporidiamu, kimelea cha seli moja. Salmonela kwa kawaida huja baadaye kidogo, ikiwa na homa na pengine damu kwenye kinyesi. Sindano hiyo haiui virusi, wala haimtoi kriptosporidiamu. Wengi walioonekana kuponywa nayo wangepona hata bila hiyo, kwani maambukizi ya virusi vya rota huisha yenyewe baada ya siku chache iwapo ndama hakukauka. Dawa za bakteria zina mahali pake: ndama mwenye homa, au ambaye bakteria wameingia kwenye damu. Achague daktari.

Minyoo? Minyoo ya utumbo huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Ndama wa siku 6 hana minyoo ya kumharisha hivyo.

Hoja inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba dang'a ni nzito na chafu, imwagwe. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga yoyote ya mama yake. Kinga hiyo imo kwenye dang'a, na utumbo huipokea kwa saa chache tu. Baada ya saa 24 haipiti tena. Ndama wa kilo 40 anastahili lita 4 hivi siku hiyo ya kwanza, na sehemu kubwa ndani ya saa 6. Wanaoimwaga ndio haohao wanaolalamika kwamba ndama wa ng'ombe wa kisasa ni dhaifu kwa asili. Udhaifu huo wameuleta wao.

La mwisho: banda limepuliziwa dawa, hivyo ugonjwa hautoki humo. Kriptosporidiamu hustahimili klorini. Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kuwa 403,000 waliugua baada ya kimelea hicho kupita kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji. Kinachokiua ni joto na ukavu. Toa matandiko yote, mwaga maji yanayochemka, acha sakafu ikauke kabisa kabla ya kuingiza ndama mwingine, na anayemhudumia mgonjwa anawe kwa sabuni, maana kimelea hichohicho humharisha na mtoto wa nyumbani.