Nyumba ikiungua, tunakarabati ya nani?

Haya, leo niachane kidogo na siasa. Sisi waandishi wa habari tuna stori moja tunayoirudia kila jengo la kale linapoungua au kuporomoka: hasara, kisha mfadhili, kisha waziri anakata utepe. Nimeshaiandika mwenyewe na sijivunii. Hatuulizi kamwe: ikishasimama tena, nyumba itasimulia habari za nani?

Chukua Groot Constantia, kule Cape Town. Shamba hilo la zabibu lilianzishwa mwaka 1685 na Simon van der Stel, mtawala wa Wadachi pale Cape. Hendrik Cloete alilinunua 1778, na mvinyo wa Constantia ukaja kunywewa mpaka na Napoleon kifungoni St Helena. Desemba 1925 nyumba kubwa ikaungua, paa lake la nyasi likateketea, zikabaki kuta. Serikali, iliyokuwa mmiliki tangu 1885, ikampa kazi msanifu majengo Kendall. Tajiri Alfred de Pass akaijaza samani za kale, na 1927 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Kwa mafundi sina neno. Ukiiona leo huwezi kujua kwamba iliwahi kuungua. Tatizo langu liko hapo hapo. Samani zile zilikusanywa kwingine ili kuonyesha bwana mkubwa wa Cape aliishi vipi, au tuseme jinsi watu wa miaka ya 1920 walivyopenda kuamini kwamba aliishi. Waliolima ile mizabibu, waliopika na kufua pale, walikuwa watumwa, na kwa miaka mingi maonyesho hayakuwataja. Moto ulichoma bila kuchagua. Waliochagua nani arudi ndani ni wakarabati.

Na msiniambie hayo ni ya Makaburu, hayatuhusu. Watumwa wa Cape walitoka India, Indonesia, Madagaska na Msumbiji, na kati ya 1776 na 1778 meli za kampuni ya Wadachi zilifika mpaka Zanzibar kununua watu.

Taasisi ya Iziko, inayoyaendesha makumbusho hayo sasa, imeingiza habari za utumwa. Vizuri, lakini vizazi vya wageni vilikuwa vimeshapita wakisifia makabati tu.

Beit al Ajaib ilipoporomoka 25 Desemba 2020, na sisi tuliandika nguzo, umeme na Sultani Barghash. Waliozibeba hizo nguzo je?

Kwa nyumba iliyoungua, mimi ningeomba ukuta mmoja uachwe na masizi yake, na mgeni aingilie jikoni kwanza, sebuleni baadaye.

Mhariri wangu anasema hiyo si habari, ni maoni. Ndiyo maana nimeyaandika hapa.