Nani Aliyeandika Maneno Chini ya Picha?

Gazeti likifika tawini kwetu mtu wa kwanza kulishika hasomi habari. Hutazama picha. Akimaliza humpa mwenzake, naye hutazama picha, na hivyo hivyo mpaka karatasi ilegee, na habari zenyewe zikasomwa na watu watatu au wanne tu. Hatuwalaumu. Watu wametoka shamba, wengine wametoka kwenye maduara tangu alfajiri, na picha haidai miwani. Siku hizi simu imezidisha jambo hilo, maana picha yaingia mfukoni mwa mtu kabla gazeti halijapigwa chapa. Lakini chini ya picha huwa pana maneno madogo, mstari mmoja au miwili, ambayo wengi huyaruka. Sisi twasema kwamba katika nchi hii ya almasi na dhahabu, kutoka Mwadui mpaka Geita, aliyeandika maneno yale ndiye mwenye picha, kuliko hata yule aliyeshika kamera.

Tuanze na Mwadui, maana ni jirani. Mwaka 1947 katika mgodi wa Bwana Williamson, Mkanada, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Bwana huyo akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya arusi yake mwaka uo huo. Ilipokatwa huko London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 mafundi wa Cartier wakaitia katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Picha za ua hilo zimezunguka dunia. Katika kila moja tuliyoiona sisi, maneno ya chini yataja karati, yamtaja Williamson, yamtaja Cartier, yamtaja Malkia. Mikono iliyochimba udongo wa Kishapu haimo. Hakuna uongo hapo hata kidogo: almasi ni almasi, na karati ni zile zile. Ila mwandishi alichagua majina ya kutaja, na msomaji akadhani ameambiwa yote.

Hilo ni la mapambo. Bulyanhulu ni la roho za watu.

Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke Bulyanhulu, wilayani Kahama kwa mipaka ya wakati ule, ili eneo lishikwe na Kahama Mining Corporation, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada. Mwezi Agosti maduara yakafukiwa. Ikasemwa kwamba watu zaidi ya 50 walikuwa bado chini. Serikali na kampuni wakakana kabisa. Mwaka 1999 Barrick, nayo ya Kanada, ikainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Mwaka uo huo chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, ambacho mwanasheria Tundu Lissu alikuwa mmoja wa watu wake, kikadai uchunguzi huru, na zikatolewa picha na mkanda wa video uliosemwa kuwa waonyesha maiti za wachimbaji. Mwezi Novemba polisi wakapekua ofisi ya chama hicho. Oktoba 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, iliyoingia katika shauri hilo kwa kuwa tawi la Benki hiyo lilikuwa limeukatia mgodi bima, ikasema madai hayakuthibitika. LEAT wakaikataa ripoti ile.

Hatuwezi kulihukumu shauri hilo katika safu moja ya gazeti, wala hatujaribu. Twataka msomaji autazame ugumu wa picha yenyewe. Maiti iliyomo katika mkanda haisemi nimekufa siku gani. Shimo halisemi mimi ni lipi kati ya mamia ya mashimo, wala nani alinifukia. Kila mtu wa ukanda huu ajua kwamba watu hufa maduarani hata pasipo amri ya serikali wala tingatinga. Mvua peke yake yatosha. Kwa hiyo picha ile ile yaweza kuwa ushahidi wa kosa kubwa mno, au yaweza kuwa picha ya ajali ya mwezi mwingine kabisa, na linalotenga hayo mawili ni tarehe na mahali. Tarehe na mahali havionekani katika picha. Ni maneno.

Ndiyo maana twasema kwamba mtu anayewatakia haki waliokufa hana budi kuwa mkali juu ya tarehe, mahali, jina la mpiga picha na majina ya mashahidi, tena awe mkali kuliko yule asiyetaka haki. Huyu wa pili apenda sana picha isiyo na tarehe, kwa kuwa ni rahisi kuitupa. Na twaongeza neno kwa upande wa pili pia: kusema "picha haitoshi" si sawa na kusema "hakuna lililotokea." Picha isipotosha, kazi inayofuata ni kuhesabu majina nyumba kwa nyumba. Wasiopenda kuulizwa huyachanganya mambo hayo mawili kwa makusudi.

Watatuambia hayo ni ya zamani. Haya, tuje karibu. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, yasisafirishwe nje. Magazeti yakajaa picha za makontena bandarini Dar es Salaam, mizigo iliyotoka Bulyanhulu na Buzwagi, nyumbani kwetu. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Mruma ikasoma ripoti yake Ikulu, nchi nzima ikitazama: katika makontena 277 mna dhahabu kiasi cha tani 7.8, wala si tani 1.2 kama ilivyoandikwa. Kampuni ya Acacia ikaikataa hesabu hiyo. Mwezi Julai ikadaiwa kodi, faida na adhabu dola bilioni 190. Oktoba 2019 Barrick, iliyokuwa imekwisha kuichukua Acacia yote, ikakubaliana na serikali kulipa dola milioni 300, na serikali ipate hisa 16 kwa mia katika migodi hiyo, na kampuni ya Twiga ikaundwa.

Sasa itazame tena picha ya makontena. Ni sanduku la chuma lililofungwa. Ugomvi mzima ulikuwa juu ya kilichomo ndani, na picha ilionyesha nje. Hata hivyo watu waliitazama wakasema, "Tumeona kwa macho yetu dhahabu inavyoibwa." Hakuna aliyeona dhahabu. Waliona bati lililopakwa rangi, na namba. Mtu wa kampuni alitazama bati hilo hilo akaona mzigo halali. Uchungu wa wananchi ulikuwa na haki yake. Mtu anayeishi kando ya uzio wa mgodi hahitaji kamera imwambie kama amefaidi au hajafaidi. Lakini kutoka bilioni 190 hadi milioni 300 ni safari ndefu, nalo swali la namna hesabu ya kwanza ilivyopimwa, na namna ile ya mwisho ilivyofikiwa, halikuwamo katika picha yoyote. Ikaja picha nyingine, ya watu kushikana mikono na kutabasamu, na wengi waliokuwa wamelishwa picha kwa miaka miwili na nusu hawakuwa na la kuuliza mikono iliposhikwa.

Kuna mahali ambapo maneno chini ya picha ndiyo hatari yenyewe, kwa kuwa ni mengi mno. Tunasema juu ya ndugu zetu wenye ualbino. Katika miaka ya mauaji, shule ya Buhangija mjini Shinyanga iliwahifadhi watoto wengi waliokimbizwa makwao, na wageni wenye kamera wakawa wanafika. Huenda wengi walikuja kwa huruma. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja tu alichukuliwa kwao wilayani Chato, mkoani Geita, akauawa, na hii ilikuwa mwezi mmoja baada ya serikali kutangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika nchi yenye wawindaji wa namna hiyo, kuandika chini ya uso wa mtoto jina lake na kijiji cha wazazi wake ni kumwonyesha mwindaji njia. Msomaji wa mbali hutoa machozi, akafungua ukurasa mwingine. Mtoto hubaki na anwani yake iliyochapwa.

Na simu je? Tarehe 5 Oktoba 2015 mgodi wa Nyangalata, Kahama, uliporomoka. Wachimbaji watano waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa walipatikana hai siku ya 41, ingawa mmoja wao alifariki baadaye. Fikiri basi mama aliyeletewa katika siku zile arobaini picha ya maiti yenye matope, chini yake neno moja tu, "Nyangalata." Angevunja matumaini, angeanua matanga, angegawa nguo za mwanawe, naye yu hai chini ya mwamba. Kila duara likiporomoka sasa, picha za namna hiyo huzunguka katika WhatsApp kabla waokoaji hawajafika. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayoadhibu habari za uongo, lakini sheria hufika mama akiwa amekwisha kulia.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kumwuliza mtoto neno moja akishajibu: "Umejuaje?" Tawini kwetu tumeanza kuuliza hivyo juu ya picha. Mtu akileta picha aulizwa nani aliipiga, wapi, siku gani. Mara nyingi hujibu, "Nimetumiwa." Hilo si jibu. Mwezi uliopita kijana alileta picha ya duara lililoanguka, akasema ni Geita. Mzee mmoja aliyechimba miaka mingi akaiomba simu, akaishika mbali kidogo na macho, akasema, "Wanangu, matimba haya hayakufungwa na mtu wa huku. Na udongo huu mmeuona wapi?" Vijana walikuwa wameitazama mara ishirini. Watu wetu wanayo elimu ya kusoma picha za nchi yao, ila hakuna aliyekuwa amewaomba waitumie.

Tumalize na sisi wenyewe, maana si haki kumchunguza Mzungu na kampuni yake halafu gazeti la chama lipite bila kuguswa. Hivi karibuni ilichapwa humu picha ya mkutano mmoja wa hadhara katika kanda yetu. Mpiga picha alisimama karibu sana, vichwa kumi na vitano vikaujaza ukurasa, na chini pakaandikwa "umati mkubwa." Sisi tulikuwapo. Tulihesabu watu 118, nao walikuwa watu wazuri, waliouliza maswali mazuri juu ya leseni za wachimbaji wadogo, ambayo hayakuandikwa.

Twamwomba Mhariri kwamba kuanzia toleo lijalo kila picha iwe na tarehe, mahali, na jina la aliyeipiga, isipokuwa picha ya mtoto mwenye ualbino, ambayo isitaje jina wala kijiji kamwe. Katibu wetu amekwisha kupeleka barua. Nakala imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya tawi, na hadi jana jioni ilikuwa na sahihi 43.