Kazi za Mkono Zilizolala Kikapuni

Mwezi huu tuzungumze juu ya kile kikapu kilicho chini ya kitanda, au lile sanduku lililo juu ya kabati. Wewe unajua kilichomo. Mna doti ya kanga iliyonunuliwa kwa ajili ya sherehe fulani, na mpaka leo haijakatwa wala kupindwa. Mna foronya mbili: moja imedariziwa maua yote, nyingine imeishia kwenye jani la tatu. Mna kitambaa cha kochi kilichofumwa nusu, ilhali makochi yenyewe yalikwisha kubadilishwa. Mna gauni la mtoto lisilo na mikono, na mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la tano. Na ukiishi huku Kaole na Bagamoyo, pembeni pana ukili uliosukwa na kuviringishwa, unangoja kutosha mkeka.

Akina mama wengi husema kwamba kikapu hicho huwatia aibu. Wakikiona wakati wa kufagia hukisukuma ndani zaidi. Kisha wakipita sokoni wakaona kitambaa kizuri, hununua, na kazi nyingine mpya huanza juu ya zile za zamani.

Safu hii haikusudii kumwongezea mtu lawama. Kazi zile hazikulala kwa sababu ya uvivu. Mtoto alipata homa, wageni walifika, msiba ulitokea, umeme ulikatika, uzi wa rangi ile uliisha dukani. Mhubiri 3:7 inatukumbusha kwamba hata kushona kuna majira yake, kama vile kurarua kulivyo na majira yake. Kumhudumia mgonjwa na kumpikia mgeni ndiyo maisha yenyewe, na sindano ilipaswa kungoja. Lakini iko kazi inayongoja na iko kazi iliyosahauliwa. Hizo mbili zinafaa zitenganishwe, kwa maana ndani ya kikapu kile mna fedha, mna ahadi, na pengine mna machozi.

KITAMBAA NI MALI

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa thamani ya kitambaa. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikiondoka Bagamoyo kwenda bara, marobota ya merikani na kaniki ndiyo yaliyokuwa fedha ya njiani. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Vipimo hivyo vimekwisha kusahauliwa, ila neno doti tunalo hadi leo tunaponunua kanga. Basi doti mbili tatu zinazolala bila kupindwa ni akiba iliyofichwa mahali ambapo panya na mende wanaweza kuifikia kabla yako.

HANA NA KANZU NDOGO

Tusome 1 Samweli 2:19. Hana alikuwa amemtoa mwanawe Samweli akae Shilo kumtumikia Bwana. Kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kwenda kutoa dhabihu, alimpelekea mtoto kanzu ndogo aliyomshonea mwenyewe. Mstari wa 21 unaeleza kwamba baadaye Hana alizaa watoto wengine watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Mama mwenye watoto watano nyumbani hakosi la kufanya! Hata hivyo kanzu ilikuwa tayari.

Tazama mambo mawili. Kwanza, kanzu ile ilikuwa na mwenyewe. Hana alipochoma sindano alikuwa akimfikiria Samweli, na ilimbidi akisie ameongezeka kimo kiasi gani tangu mwaka uliopita. Pili, kanzu ile ilikuwa na siku yake. Safari ya Shilo haikungoja mshono.

Hapo ndipo kazi zetu nyingi hukwama. Tunashona "foronya" tu, wala si foronya ya mtu fulani kwa siku fulani. Kazi ya mkono humalizika ikiwa na mwenyewe na ikiwa na siku. Isipokuwa na vyote viwili italala, hata kama aliyeianza ni fundi hodari.

SIKU YA KUTOA VYOTE NJE

Chagua siku ya jua, hasa baada ya masika, Juni au Julai, ambapo upepo ni mkavu. Tandika mkeka uani na utoe kila kitu. Usishone chochote siku hiyo. Kazi ni kuona na kutenga tu. Yafaa watoto wa kike na wa kiume wakusaidie kukunjua na kupanga. Tenga mafungu manne.

1. Mali ya watu. Wengi wetu hushonea majirani ili kupata fedha ya chumvi na sukari. Kitambaa cha mtu, hasa kama alikwisha kutoa malipo ya kwanza, hutangulia kazi zote. Ukiona huwezi kukimaliza, mrudishie pamoja na fedha yake, umwombe radhi. Jirani anaweza kusamehe kucheleweshwa, lakini ni vigumu kumsahau fundi aliyenyamaza na kitambaa chake mwaka mzima.

2. Zenye mwenyewe. Hapa weka kazi ambazo ukiulizwa "ni ya nani?" unajibu papo hapo. Andika jina na siku kwenye kikaratasi, ukifunge kwa uzi: shuka la mama mkwe, Krismasi, nguo ya ubatizo ya mjukuu, Pasaka. Katika fungu hili chagua mbili tu za kuanza nazo. Nyingine zirudishe kikapuni kwa amani, kwa kuwa zamu yao itafika.

3. Zilizopitwa. Gauni ambalo mtoto amelizidi linaweza kumfaa mdogo wake au mtoto wa jirani. Kitambaa cha makochi yaliyokwisha kuuzwa kinaweza kufunika chungu cha maji au kawa la chakula. Foronya iliyobaki peke yake si lazima ipate mwenzake. Na kama rangi ya uzi haipatikani tena, maliza kwa rangi nyingine au ishia hapo na upinde ukingo. Kazi ambayo huipendi tena, mpe anayeipenda. Kugawa kitambaa ambacho hakijakamilika si dhambi, na kwa msichana anayejifunza kushona ni zawadi kubwa.

4. Za moyoni. Fungu hili ni dogo, nalo linahitaji upole. Kuna kazi iliyoanzwa na marehemu mama yako. Kuna sweta dogo lililofumwa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuja kuvikwa. Mama mpendwa, hizi hazina haraka, wala mtu asikulazimishe kuzimaliza au kuzitupa. Zifunge katika kitambaa safi, mahali pake peke yake, zisichanganyike na zile zinazokuuliza "lini?" Kama kuziona kunakuumiza, mwombe rafiki mwaminifu akuwekee. Siku ukijaliwa nguvu, unaweza kumaliza mishono aliyoiacha mama yako, au kuiacha kama mkono wake ulivyoiacha. Vyote viwili ni heshima.

KAZI ZA BARAZANI NA KAZI ZA CHEREHANI

Watazame wanawake wanaosuka ukili katika vijiji vyetu. Ukili husukwa huku mtu akizungumza, akichunga mtoto, au akingoja maji yachemke. Akiitwa, huuviringisha na kuuweka kando. Akirudi, huendelea pale pale, wala hakuna kilichoharibika. Lakini kuziunganisha kili ziwe mkeka ni kazi nyingine, inayotaka nafasi ya kutandaza na akili iliyotulia. Vivyo hivyo kofia za kushona kwa mkono, ambazo moja huweza kuchukua miezi: hushonwa kidogo kidogo katikati ya shughuli nyingine.

Nasi tugawe kazi zetu namna hiyo. Kupinda kwa mkono, kudarizi, kufuma, kutia vifungo na kufumua mishono ni kazi za barazani. Kila moja itengenezee mfuko wake wa kitambaa, utie ndani uzi wake, sindano yake na kimkasi. Mfuko huo utauchukua ukienda kliniki, ukingoja daladala, au ukikaa na mgonjwa. Kukata, kupima na kupiga cherehani ni kazi za utulivu, nazo zitengewe saa yake: pengine Jumamosi asubuhi watoto wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ukijaribu kukata kitambaa huku unachambua mchele, utapoteza vyote viwili. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Faida yake ni hii: hutahitaji kuikimbia familia ili umalize kazi. Mume akizungumza, unamsikiliza na mkono unaendelea. Mtoto akileta daftari, unaiweka kazi chini bila kunung'unika, kwa kuwa ni ile inayokubali kuwekwa chini.

KUHIFADHI PWANI

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Usiache sindano ikiwa imechomekwa kwenye kazi iliyolala, maana itapata kutu na kuacha doa lisilotoka. Chomeka sindano zote kwenye kipande cha kitambaa kilichopakwa tone la mafuta ya cherehani. Usiweke kazi yenye jasho la mikono au unyevu: fua, anika, ikauke kabisa, ndipo uikunje. Mifuko ya nailoni hufungia unyevu na kuleta ukungu. Nayo mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo mfuko wa kitambaa ni bora kwa kila upande. Ndoo yenye kifuniko huzuia panya, ila iwe kavu, na ifunguliwe siku za jua. Wengine huweka majani makavu ya mwarobaini kufukuza wadudu.

MABAKI YASITUPWE: SHUKA LA VIPANDE

Baada ya kutenga, patabaki vipande vidogo vya kanga na vitenge. Kuunga vipande si jambo geni kwetu. Husimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walichukua leso sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja, na huo ndio mwanzo wa kanga. Wenzetu wa Kenya huiita leso mpaka leo.

Basi mshonee mtoto shuka. Kwanza fua vipande vyote, hasa vipya. Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko 2:21, alitaja hasara ya kushonea kiraka kipya kwenye vazi kuukuu: kipya hurudi na kulichana la zamani. Kisha kata miraba ya sentimeta 17 kila upande. Unga kwa mshono wa sentimeta 1, na kila mraba utabaki na sentimeta 15. Miraba 7 ni mstari mmoja, na mistari 9 inatosha. Yaani miraba 63, na shuka la sentimeta 105 kwa 135. Kwa upande wa nyuma, pande moja la kanga kuukuu litatosha. Lipime kwanza baada ya kulifua.

Shona mstari mmoja kwa siku moja. Usiseme "nashona shuka", sema "leo mstari wa nne". Siku ya tisa mistari yote itakuwa tayari kuungwa, na ukikatizwa katikati utajua ulipoishia. Pembeni darizi jina la mtoto na mwaka.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla hatujakutana tena, fanya mambo matatu. Rudisha au maliza kitambaa kimoja cha mtu. Andika jina na siku kwenye kazi mbili, si zaidi. Na kazi moja ambayo huihitaji tena, mpe mtu. Kama mna kikundi cha akina mama kanisani, kila mmoja alete kazi yake moja iliyokwama, mkae pamoja saa mbili. Ajuaye kutia zipu amsaidie asiyejua, naye alipwe kwa kupindiwa kanga. Mara nyingi kazi hulala miaka miwili kwa sababu ya zipu moja tu!

Usingoje kikapu kiwe kitupu ndipo ufurahi. Kikapu cha mama mwenye afya na watoto hakiwi kitupu. Inatosha kwamba unajua kilichomo, cha nani, na kwa siku gani. Na Samweli wako wa leo anazidi kurefuka, kwa hiyo kanzu yake ianze mapema.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu. Tukutane mwezi ujao, akipenda.