Sumaku inayoleta baridi

Tumeulizwa kama ni kweli frigo inaweza kufanya kazi kwa sumaku. Ni kweli, lakini isiwafanye mvunje akiba leo.

Frigo tuliyoizoea ina kompresa inayokandamiza gesi, na kazi hiyo inakula umeme mwingi. Njia ya sumaku haihitaji gesi. Kuna metali iitwayo gadolini: ukiiingiza kati ya sumaku zenye nguvu, inapata joto, maji yanapita na kulipeleka joto hilo nje. Ukiitoa kwenye sumaku, inapoa kuliko ilivyokuwa mwanzo, na maji yanachukua baridi hiyo hadi kwenye chakula. Watoto wajaribu jambo linalofanana: wavute elastike pana kwa ghafula na kuigusisha mdomoni, wataona ina joto. Wakiilegeza, inapoa.

Pierre Weiss na Auguste Piccard (ndiye yule aliyepanda juu sana kwa baluni mwaka 1931) waliona jambo hili kwenye nikeli mwaka 1917. Shida ni kwamba gadolini hubadilika digrii chache tu kila mara, na sumaku kali ni za bei. Tena umeme ukikatika, mota yake nayo inasimama. Muuza sambaza asiingoje.

Na anayewauzia kasumaku ka kubandika mlangoni eti kapunguze fakture, anauza pambo. Afadhali mfungie karatasi kwenye mlango wa frigo, kisha muivute: ikitoka bila kukaza, kaucu imechoka na baridi inatoroka.